Kichwa cha Kolekole

Mama ametoka eda Alhamisi.
Leo Jumapili, jua halijapanda upande wa Kigamboni,
nimeshafika Feri, kandambili chapachapa,
nafunua matamvua ya samaki mmoja mmoja
kama nesi anayekagua koo za watoto.
Huyu wa jana. Huyu wa juzi, kamwagiwa maji ajidai mbichi.
Huyu hapa: kolekole, kilo tatu kasoro robo,
jicho kioo, tamvua jekundu.
"Dada, huyu hata kufa hajajijua bado," ananiambia muuzaji.
Nacheka, na kwa kicheko hicho
napandishiwa elfu mbili.

Mpaa samaki anauliza, kisu kikiwa hewani:
"Kichwa nikupasulie?"
Nasema, kiache kizima.
Ulimi umejibu wenyewe.
Nyumbani kwetu Keko kichwa hakipasuliwi.
Kichwa ni cha Baba.

Ndimu tatu, chumvi, kitunguu swaumu, tangawizi;
natwanga mpaka Mama Chausiku, ukuta wa pili,
anauliza kwa sauti kama kuna mgeni.
Kondo amekuja na wanawe watatu,
kasimama mlangoni, mikono mfukoni.
"Utatia tui?"
"Tui la kwenye mchuzi. Hii supu."
"Mke wangu hutia."
"Basi kale kwake."
Anavuta kigoda, anaanza kumenya viazi,
vibaya, ganda limebeba nusu ya kiazi.

Gesi inakata roho katikati ya chemko.
Tunahamia uani, jiko la mkaa,
Kondo anapepea kwa mfuniko wa ndoo,
majivu yanamtua kichwani, ndevuni,
nami nageuza uso haraka
kwa jinsi alivyofanana.

Pilipili mbuzi naitia moja, nzima, na kikonyo chake.
Ielee, itoe harufu, isipasuke.
Ndizi mbichi, karoti, nyanya za kukwangua.
Kolekole huingia mwisho:
samaki hapikwi, huonyeshwa moto.
Ndivyo alivyokuwa akitufundisha
yeye ambaye hakuwahi kushika mwiko.

Mkekani, bakuli saba.
Mkono wangu ulikuwa umetoa nane.
Mkia kwa Sikudhani, mgongo kwa Kondo,
tumbo lenye mafuta kwa watoto, miba nimeitoa kwa vidole.
Kichwa kimebaki sufuriani
kinatutazama kwa jicho jeupe kama kifungo cha kanzu.
Hakuna anayegusa upawa.
Mkono wa Kondo unakwenda, unafika,
unachukua ndimu.
Yeye ndiye mkubwa. Kila mmoja anajua, naye anajua.
Mtu anakohoa, wala si pilipili.

Mama akavuta sufuria.
Akakibeba kichwa kwa mikono miwili, kinachuruzika,
akavunja taya, tak!
akafyonza jicho, akatema kifungo kiganjani,
akachokoa nyama ya shavu, akaramba gumba
taratibu, kama mtu aliyerudi kwenye nyumba
ambayo hata gizani anajua vyumba vyake.

Tukabaki midomo wazi.
"Mnashangaa nini?
Baba yenu kichwa alikuwa hakiwezi. Anaogopa jicho.
'Nitamalizia usiku,' si ndivyo alivyokuwa akiwaambia?
Mkilala ananiletea jikoni, kafunika na sahani,
anakaa pembeni, kanipa mgongo, mpaka nimalize.
Miaka thelathini na moja.
Mbele yenu alikuwa anakigeuzageuza tu
mjue nyumba ina mwenyewe."

Kondo akaangua kicheko, supu ikampanda puani.
Sikudhani naye. Watoto wakacheka kwa kuwa tumecheka.
Nikachota upawa wa pili nikagawa,
kumbe pilipili ilipasuka kichwa kilipotolewa;
kila mmoja akafuta macho,
na hakuna aliyelazimika kueleza.

Mama akanyoosha bakuli.
"Tamu," akasema, "niongezee.
Ila siku nyingine, mwanangu,
tia tui."